Mama Mlezi Aliniamini

Mama Mlezi hakumpenda mtu anayekwenda kuhubiri nchi za watu na begi kubwa. Siku ya safari, tukiwa stendi ya Mbezi alfajiri, alikuwa akipita mbele yetu na kunyanyua mabegi moja moja kwa mkono mmoja. Likimshinda hana mjadala. Anafungua zipu palepale mbele ya abiria wengine na kuanza kutoa vitu. "Baba, viatu jozi nne, kwani unaenda kuposa?" Mwaka mmoja alimtolea dada mmoja wa kwaya, wa sauti ya kwanza, pasi ya umeme, akampa bodaboda aliyemleta airudishe Chang'ombe. Sisi tulicheka, dada alinuna mpaka Morogoro.

Yeye mwenyewe, sasa, mzigo wake ulikuwa boksi kubwa kuliko begi la yeyote kati yetu. Lilifungwa kamba ya katani pande zote, na alilipakata mapajani njia nzima kwa sababu hakumwamini kondakta yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea iliyotumika. Aliikusanya mwaka mzima kwa waumini na kwa wasio waumini, Temeke nzima, kwa wafiwa, kwa wastaafu, kwa mafundi cherehani waliobadilisha namba za miwani. Ukimtania kuhusu boksi lake alikujibu, "Hili halijai nguo, linajaa macho ya watu."

Tumemzika mwezi uliopita. Wasifu wa marehemu uliosomwa pale msibani ulisema alizaliwa wapi, alisoma wapi, alibatizwa na nani. Ulikuwa wasifu mzuri na sina ugomvi na aliyeuandika, ila mtu niliyemjua mimi hakuwemo. Ndiyo maana naandika. Jina lake silitaji, na kusema kweli pale kanisani kwetu wengi walilisikia mara ya kwanza siku ile. Kwetu alikuwa Mama Mlezi, maana alikuwa mlezi wa kwaya ya vijana na kiongozi wa msafara wa kila Agosti. Msafara huo ulikuwa wa wiki mbili, kwenda kaskazini ya Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kwa makanisa ambayo kanisa letu lilifanya nayo urafiki.

Nilianza kumjua nikiwa kidato cha pili, mama yangu alipofariki. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuja kunipa pole za maneno mengi. Kuanzia wiki ile kulikuwa na sahani imefunikwa kawa juu ya kigoda, barazani kwake, kila siku nikitoka shule. Haniiti. Nikipita bila kula, kesho yake ananisimamisha njiani. "Chakula changu kina sumu?" Nimekula barazani pale miaka mitatu. Yeye hakujaliwa mtoto, na mimi sikuwa na mama, lakini jambo hilo hatukulizungumza hata siku moja.

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani, hapohapo Chang'ombe. Kazi yake ilikuwa kutazama kitambaa kikipita mbele yake, mita kwa mita, na kuonyesha uzi uliorukwa. Kazi ilimwachia tabia. Shati lako likiwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, atakwambia akiwa upande wa pili wa barabara. Hata maneno aliyasikiliza hivyohivyo, akitafuta palipoachia.

Watu wengi wakienda safari kama zile hupenda kupokewa. Wenyeji wanachinja, wanatandika mikeka, wageni wanahubiri na kupiga picha na watoto. Mama Mlezi aliyavumilia hayo siku mbili kamili. Alfajiri ya tatu alikuwa akizunguka kwa wenyeji kuazima majembe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anatuambia, "na sie wageni wenye adabu hatungoji kupewa." Basi tunalima. Vijana wa Dar ambao jembe tulilijua kwenye nembo, tunapalilia mihogo ya watu, viganja vinatoka malengelenge, na wale akina mama wa Malawi wanatucheka hadi wanakaa chini. Yeye anaongea nao Kinyakyusa chake cha Kyela, wao wanamjibu kwa lugha yao inayofanana nayo, wanaelewana vizuri, na kila sentensi inaishia na "ndaga", ahsante. Siku ya kulima ndiyo siku watu walipoanza kutueleza shida zao. Siku za kuhubiri walituitikia amina tu.

Miwani aliigawa kwa utaratibu wake. Anayejua kusoma anapewa kitabu cha nyimbo. Asiyejua anapewa sindano na uzi. Anabadilishiwa miwani mpaka uzi upite kwenye tundu, na uzi ukipita ndiyo miwani yake. Niliwahi kumwona bibi mmoja akitunga sindano ile, akaifumua, akaitunga tena, akaifumua, kama mara sita, hataki kuirudisha. Mama Mlezi akamwachia na sindano. Jioni hiyo alituambia, "Mungu anaponya. Ila miwani nayo ni mkono wake, msiidharau."

Na alikuwa mkali kwa shuhuda. Kila tukirudi kulikuwa na Jumapili ya ushuhuda, ambapo wanamsafara wanasimama mmoja mmoja kueleza waliyoyaona. Asiyefahamu makanisa yetu huenda asielewe uzito wake. Kanisa limekuchangia nauli, limefunga na kuomba kwa ajili yako, halafu unarudi useme umelima mihogo? Kila mtu anataka arudi na kitu. Mama Mlezi alikuwa na swali moja alilolitoa kutoka benchi la mbele bila kusimama, na tulilihofia kuliko swali la mchungaji: "Umemwona mwenyewe, au umeambiwa?" Kaka mmoja aliwahi kusimama akasema mwanamke aliyekuwa tasa, tuliyemwombea mwaka uliotangulia, amejifungua pacha. Swali likaja. Kaka akakiri ameambiwa na mtu pale mpakani. "Basi kaa, baba. Mwakani tukienda tukawabeba, utasimama tena." Mwaka uliofuata tulikwenda. Pacha hawakuwapo, na kaka hakusimama.

Nisije nikampamba kupita kiasi. Alikuwa mgumu kusifu. Alikuwa na neno la kuudhi kwa wanawake waliochelewa mazoezi, na aligombana na mchungaji kwa ajili ya kapeti la madhabahuni mpaka wakapatanishwa na wazee. Alikuwa pia msiri kwa kiwango ambacho hakumruhusu mtu mwingine. Ukikohoa siku tatu alikufukuza uende zahanati. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," ndiyo ilikuwa methali yake kwa kila mgonjwa. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema kichwa kinamuuma. Tulichojua ni kwamba kila jioni alikwenda duka la kona, kwa Ami, mzee wa Kiarabu ambaye familia yake ina duka pale tangu sisi hatujazaliwa. Alisema anakwenda kununua sukari. Tulimtania kwamba mwenye chai tamu namna ile atapata kisukari, naye akacheka.

Sasa nije kwa mzee mmoja wa Malawi.

Mwaka niliokutana naye nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina kazi gereji, na ilikuwa safari yangu ya tatu. Siku ya tisa mmoja wetu alishikwa na homa. Mama Mlezi akabaki naye pale tulipofikia, akatutuma watatu pamoja na mwinjilisti wa kwao kwenda kijiji cha mlimani. Huko tukapelekwa kwa mzee asiyeona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa nyumba, macho yake yana weupe kama tui. Tuliomba muda mrefu. Jua lilikuwa limetugeukia usoni. Kisha yule mzee akainua mkono wake kuelekea juu, akasema jambo, na mwinjilisti akatutafsiria: "Anasema anaona mwanga."

Wenzangu walilipuka kwa wimbo. Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya kweli, sitaki mtu adhani nilianzia kwenye uongo. Nilimshika yule mzee mikono nikahisi kwamba maisha yangu yamepata maana.

Tulipoondoka, binti yake alitusindikiza hadi mwisho wa migomba. Alikuwa mtu mzima, aliyewahi kuuza mchele Tunduma, na Kiswahili alikijua. Wenzangu walitangulia, mimi nikabaki nyuma nafunga kamba ya kiatu. Akasimama karibu yangu.

"Kaka, msifurahi sana," alisema, kwa upole, kama anayemwonea mtu huruma. "Mwanga baba anauona siku zote. Hata jana aliniambia jua linazama. Kinachomshinda ni kuona watu."

Nikamjibu, "Sawa dada, Mungu ataendelea na kazi." Nikawakimbilia wenzangu. Walikuwa wanaimba, nikaimba nao.

Kosa lenyewe ni hilo, na ukilitazama ni dogo. Sikutunga kitu. Niliambiwa jambo nikalimeza. Njia nzima ya kurudi, Mbeya, Iringa, Morogoro, nilijiambia kwamba binti yule ana imani haba, na kwamba huenda baada ya sisi kuondoka mzee aliendelea kuona zaidi na zaidi. Tulipofika Mbezi nilikuwa nimeshajiaminisha kiasi cha kutosha.

Jumapili ya ushuhuda nikasimama. Nikaeleza mlima, nikaeleza kigoda, nikaeleza macho yale. Nikafika kwenye mkono ulioinuliwa. Swali likatoka benchi la mbele.

"Umemwona mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nimemwona kwa macho yangu, Mama. Alikuwa haoni, akaona."

Alinitazama kwa jicho lile la kiwandani. Nilijua anatafuta palipoachia, na nilijua papo. Lakini nadhani kuna mahali mtu hapatafuti. Alisimama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia yeyote, akawageukia watu. "Kama mwanangu kaona," alisema, "na mie nimeona." Kisha akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, na kanisa zima likasimama.

Baada ya hapo maisha yangu yalikuwa mazuri, niseme ukweli. Nilialikwa Mbagala kutoa ushuhuda, nikaalikwa Msasani, nikaalikwa hadi Kimbiji kwa kikundi cha maombi cha wavuvi. Na ushuhuda ni kama unga wa ngano uliotiwa hamira, ukiuacha kidogo unaumuka. Mbagala yule mzee alisimama kwenye kigoda chake bila kushikwa. Msasani alihesabu vidole vyangu. Kufika Kimbiji alikuwa ametusindikiza hadi barabarani bila fimbo. Nilichaguliwa mzee wa kanisa nikiwa na umri ambao wengine bado wanapanga viti. Mchungaji akawa akinisimamisha kila Agosti, msafara unapoagwa, nisimulie upya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu na imewekwa lami.

Agosti iliyofuata sikusafiri, kwa sababu nilikuwa na harusi yangu. Mama Mlezi alikwenda na boksi lake. Aliporudi hakusema lolote siku ya ushuhuda. Kijana mmoja alisimama na habari za mtu aliyemwona pepo akitoka, tukangoja swali, na swali halikuja. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinapapasa upindo wa kitenge. Ile ilikuwa safari yake ya mwisho. Alimkabidhi mwingine uongozi, akasema umri umekwenda.

Kisha tukaanza kuona mambo. Alikosea ngazi ya kanisa. Aliiamkia nguzo. Alinipita mlangoni mwa gereji nikiwa nimesimama, mimi, niliyekula barazani kwake. Nilimwita akageuka, akatabasamu kuelekea begani kwangu. "Uzee, baba," akasema. Sisi nasi tukasema uzee.

Aliyeniambia ni Ami. Nilikwenda kununua soda, mchana wa kawaida, siku chache baada ya Pasaka, mwaka wa pili tangu safari yake ya mwisho. Alifungua friji, akasogeza chupa za maji, na mbele kabisa kulikuwa na kichupa kidogo cha plastiki ndani ya kifuko. Aliniona ninakitazama.

"Hii ya mama yenu wa kanisani," alisema. "Nyie huyo mama mnamwangalia kweli?"

"Ni dawa ya nini, Ami?"

"Ya presha ya macho. Miaka sita nikimtunzia hapa, friji yake imekufa na mpya hataki kununua. Kila jioni anakuja, anakaa kwenye kiti kile, anaweka tone, anaondoka. Alinikataza nisiseme. Kasema mkijua hamtampa tena safari." Alifunga friji. "Mie ningenyamaza bwana, ila mtu haoni sasa. Atagongwa na bajaji hapa mbele yangu."

Nikamuuliza, kama alikuwa anatumia dawa, mbona haoni. Nilikuwa sijaelewa bado. Nilikuwa nauliza kwa nia njema.

"Si aliacha. Mwaka mzima aliacha. Alikuja siku moja, Jumapili, anacheka, sijawahi kumwona vile. Anasema, 'Ami, hizo zitupe, mwanangu kaniletea habari njema.' Mwanangu yupi, wallahi sijui, maana yule hana mtoto. Mie sikutupa, nikaweka. Mwaka ukapita, kaenda tena huko safari zenu, karudi akaja hapa analia, anaomba chupa yake. Imeshapita muda. Nikamweka kwenye gari nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari kasema dawa ataendelea nayo, ila kilichokwenda kimekwenda."

Alinirudishia chenji. Sikumbuki kama niliinywa soda.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilikaa na maneno ya Ami tangu Pasaka hadi Krismasi inakaribia. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea mchele, nilimtuma mke wangu akamsaidie kufua. Agosti ilipofika mchungaji alinisimamisha mbele ya msafara kama kawaida, nami nikasimulia. Mama Mlezi alikuwa benchi la mbele. Nilijua kila kitu, nikasimulia, na hadi leo sina neno la kumwita mtu aliyefanya hivyo isipokuwa jina langu.

Nilikwenda Jumamosi moja ya Desemba, baada ya mvua. Nilimkuta barazani na ungo mapajani, anachambua mchele kwa ncha za vidole. Anachota, anatandaza, anapapasa, akigusa kijiwe anakitupa kushoto. Kazi ya dakika kumi ilikuwa inamchukua mchana mzima, na alikuwa hana haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Leo hatua zako nzito. Kuna mgonjwa?"

Nikakaa chini, sakafuni, nikamwambia. Nilianza na binti wa yule mzee, pale migombani, na maneno aliyoniambia. Nilisema kwamba nilijua tangu siku ile. Nilisema kwamba Ami ameniambia habari ya dawa. Nilizungumza vibaya, nikirudia-rudia, na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vinaendelea na mchele.

"Nilijua," alisema nilipomaliza.

"Tangu lini, Mama?"

"Si nilikwenda. Niliwaambia wanipandishe ule mlima, nimwone huyo mzee, nimshike mkono, niseme asante. Nikamkuta kwenye kigoda chake. Nikamwamkia, akauliza huyo nani, huku kageukia upande mwingine, nami nimesimama mbele yake." Alitupa kijiwe. "Mtoto wa jicho ule. Kazi ya daktari ya muda mfupi tu. Lakini kwa vile sie tulitangaza kapona, hakuna aliyemtafutia daktari mwaka mzima. Binti yake ndo aliniambia. Nikamwomba mwinjilisti wao ampeleke hospitali. Sijui kama alimpeleka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulikuwa hujui kipi?"

Jirani alikuwa anapiga singeli redioni, akaipunguza, tukabaki na sauti ya mchele kwenye ungo.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Nilisema atakuja mwenyewe, huyu namjua, amekula hapa. Nimesubiri miaka miwili, baba. Nilianza kuogopa kwamba nitakufa hujaja."

Hapo nikalia. Nikamwambia nimemwua macho. Akasema hapana, nisijibebeshe hata yasiyo yangu, na ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani hakuwahi kumweleza mtu. Dawa zilikuwa zinamchoma. Foleni ya kliniki ilikuwa inamdhalilisha. Kila mwaka alikuwa anabeba miwani ya watu mapajani, anaiweka kwenye nyuso za watu, anawaona wakifurahi, halafu anarudi kwa Ami kujificha kwenye kiti nyuma ya magunia. "Nilichoka kuwa mbebaji," alisema. "Na mie nilitaka siku moja nipone bure, kama wale. Uliposimama ukasema umeona, nikasema Mungu kanikumbuka, tena kapitia kwa huyu. Ningesikia kwa mwingine ningeuliza zaidi. Kwako sikutaka kuuliza."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa, kwenye sementi yenye maji ya mvua.

"Nilishakusamehe kwenye basi, hata hatujafika Makambako," alisema. "Haya inuka."

Niliinuka nikiwa mwepesi. Lazima niliseme hili, maana ni sehemu ya aibu yangu: nilidhani yamekwisha. Nilikuwa tayari kumwuliza kama atakula, nimletee samaki. Yeye akaweka ungo chini.

"Kwangu yamekwisha. Unajua yule binti wa sauti ya pili, mwenye kifafa? Alikuja juzi kunisomea Zaburi. Kaniambia ameacha vidonge tangu Agosti, baada ya kukusikia. Nimemsihi arudi kliniki, hataki. Nikamwambia yule mzee hakupona, hakuniamini. Kasema, 'Mama, mzee wa kanisa alimwona kwa macho yake, wewe umechoka tu.'" Alipangusa vumbi la mchele viganjani. "Mie nimekwisha, baba. Mle kanisani kuna watu bado wana macho."

Nikaanza kujitetea. Nitamwona mchungaji faraghani. Nitalipeleka kwenye kikao cha wazee, kwa utaratibu. Nitamwita yule binti nizungumze naye na wazazi wake. Aliniacha nikamaliza zote.

"Ule ushuhuda uliutoa wapi?"

"Mbele ya kanisa."

"Basi. Kesho nipitie saa moja unishike mkono."

Nilimpitia saa moja. Alikuwa amevaa kitenge cha msafara, kimepigwa pasi na mtu asiyeona, na mkunjo mmoja umekwenda upande. Njiani hakunipa ujasiri wala aya ya Biblia. Aliniuliza kama mtaro wa mbele ya duka la Ami wameuziba, nikasema bado. Nilimkalisha benchi la mbele, mahali pake. Wakati wa shuhuda ulipofika nikainua mkono, na mchungaji akafurahi. Watu walianza kupiga makofi kabla sijafika mbele, kwa kuwa waliijua habari yangu na waliipenda.

Yaliyofuata nayasema mapema ili yasinisumbue mwishoni. Mwezi huohuo nilivuliwa uzee wa kanisa, na ni haki. Kuna watu hawajanisalimia hadi leo. Yule binti alirudi kliniki Jumanne, na mama yake, bila kuniaga.

Nilishika maiki nikasema, "Yule mzee hakupona." Makofi yalikatika taratibu, waliokaa nyuma wakiwa wa mwisho. Nikaendelea, nikasema nilivyoambiwa na binti wa mzee na nilivyonyamaza. Nilikuwa nimejiapiza nimtazame Mama Mlezi muda wote, ili nisikimbie. Nikamtazama. Alikuwa ameketi wima, anasikiliza kwa makini, uso wake umeelekea ukutani, upande wa kulia, mbali na mimi. Sikuelewa. Nilidhani amenikataa. Kisha nikaona kwamba spika imetundikwa ukuta ule, na sauti yangu ilikuwa inamfikia kutoka kule. Alikuwa ananitafuta mahali nisipokuwepo.

Nikaweka maiki juu ya meza. Mtu wa nyuma alisema hatusikii. Nikashuka ngazi ya madhabahu, nikasimama hatua chache mbele yake, nikaanza upya tangu migombani kwa sauti yangu tupu. Nilipofika pa kusema kwamba kuna mama humu ndani aliacha dawa kwa sababu aliniamini, uso wake ulikuwa umekwisha kugeuka, unanitazama.